Barafu imebaki, samaki wameharibika: uchambuzi wa sanduku moja la mashua, Lamu

Mashua inafika Lamu asubuhi, msimu wa kaskazi, saa 40 tangu sanduku lake lilipopakiwa barafu na saa 30 tangu samaki walipoingia. Ndani mna kilo 180 za samaki: changu, chewa, kolekole na jodari wachache. Kifuniko kinainuliwa, na barafu bado ipo tele. Mnunuzi anatia mkono, anamtoa chewa mmoja wa katikati, anamfunua shavu na kulikuta limegeuka kahawia. Anambonyeza ubavuni kwa kidole; shimo linabaki palepale. Anachomeka kipimajoto: nyuzi 17.5.

"Nahodha," anasema, "barafu hii ilikuwa ya nani? Maana samaki hawakuionja."

Kilo 60 zinakataliwa. Safari hii tumeiunda kama mfano ili kila namba iweze kukokotolewa, lakini yanayotokea ndani ya sanduku si mageni kwa aliyewahi kupakua samaki Kizingitini au Mokowe. Maelezo yanayotolewa gatini huwa yaleyale: barafu ilikuwa kidogo, au ilikuwa mbovu, au sanduku limechoka. Hakuna hata moja linalosimama mbele ya jambo lililo wazi kabisa, nalo ni kwamba barafu imebaki. Ikipimwa, ni kilo 93 kati ya 200 zilizopakiwa. Kesi nzima imo humo, kwa sababu kilo 93 ni nyingi mno.

Kwanza, walivyokutwa samaki. Walioko kandokando na chini kabisa, kama kilo 120, wana nyuzi 4 hadi 6. Kilo 60 za katikati zina nyuzi 17 hadi 18. Juu ya hizo 60, barafu haikuwa vipande tena. Ilikuwa kuba moja iliyoegemea kuta za sanduku, na kati ya kuba hilo na mgongo wa samaki wa juu palikuwa na nafasi tupu ya vidole vitatu vinne. Baharia alipoligonga kwa chepe, lilitoa mlio wa mlango. Mlio huo ungetosha kumwambia nahodha habari yote tangu usiku wa kwanza.

Hesabu ya joto

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha joto), na muda wote huo inabaki kwenye sifuri. Hilo ndilo joto fiche, na ndiyo sababu pekee tunabeba barafu badala ya kubeba maji ya baridi. Kilo moja ya samaki nayo inatoa takriban kilojuli 3.6 kwa kila nyuzi inayoshuka. Samaki akitoka baharini akiwa na nyuzi 28, kumfikisha sifuri kunadai kilojuli 101, yaani theluthi ya kilo ya barafu kasoro kidogo. Kwa kilo 180 za samaki, barafu inayokwenda ni kilo 54.

Sanduku lina urefu wa mita 1.2 kwa ndani, upana wa mita 0.8 na kina cha mita 0.7. Kuta nne na sakafu zina foamu nyeupe ya sentimita 5 iliyobanwa kati ya plaiwudi na faibaglasi. Kifuniko ni plaiwudi tupu ya milimita 18, maana foamu yake ilimeguka zamani na hakuna aliyeirudisha. Tuchukue kwamba nje ni nyuzi 30 kwa wastani wa mchana na usiku. Kuta na sakafu zinaingiza wati 79. Kifuniko, ambacho eneo lake ni sehemu moja tu ya tano ya sanduku lote, kinaingiza wati 86. Kwa saa 40, kuta na sakafu zinakula kilo 34 za barafu, na kifuniko peke yake kinakula kilo 37.

Tuongeze kilo 10 kwa kufunguafungua na kwa kupoza mbao zenyewe. Upande wa pili, barafu ilitoka kiwandani ikiwa na nyuzi 8 chini ya sifuri, na ubaridi huo wa ziada una thamani ya kilo 10 hivi. Kwa hiyo: 200 na 10, toa 71, toa 54, toa 10. Zinabaki 75.

Mizani imesema 93. Kilo 18 za barafu zimeponea, na kilo 18 ni megajuli 6 (kilojuli 6,000) za joto ambazo hazikuifikia barafu kabisa. Zimekaa wapi? Kilo 180 za samaki zinahitaji kilojuli 648 kupanda au kushuka nyuzi moja. Megajuli 6 ni nyuzi 9.3. Sasa rudi kwenye kipimajoto: kilo 120 kwa nyuzi 5, kilo 60 kwa nyuzi 17.5, wastani wake ni 9.2. Mizani na kipimajoto vimetoa ushahidi mmoja bila kushauriana.

Nahodha anayejisifu kwamba barafu yake "haikuisha" anafaa kuulizwa ilikuwa ikifanya nini muda wote huo.

Kuba linavyojengwa

Barafu ilivunjwa kwa nyundo ndani ya gunia, haraka, jua likianza kupanda. Vipande vingi vilitoka na upana wa sentimita 12 hadi 15, vingine vikawa unga. Samaki walimiminwa katikati kama fungu moja lenye unene wa sentimita 30, kisha barafu ikatupwa juu na pembeni. Kwa macho, sanduku lilikuwa limejaa vizuri.

Kinachofuata ndicho watu wa fizikia ya maada laini wanachokijua kwa undani: tabia ya vitu vinavyosimama kama jiwe dakika hii na kumiminika kama uji dakika inayofuata. Mchanga, nafaka, povu, udongo wa mfinyanzi, nyama ya samaki. Lundo la barafu iliyovunjwa ni mmoja wao, tena mwenye vituko kuliko wote, kwa kuwa chembe zake zinaweza kugandana.

Barafu inayomgusa samaki ndiyo inayoyeyuka kwanza; ndiyo kazi yake. Inapoondoka inaacha pengo, na iliyo juu inatakiwa ishuke kulijaza. Sanduku zima limejengwa juu ya tegemeo hilo: kwamba barafu itamfuata samaki yenyewe kwa uzito wake. Katika kisa hiki haikumfuata, na kulikuwa na sababu mbili zilizosaidiana.

Sababu ya kwanza ni ukubwa wa vipande. Chembe kavu zinapopita mahali pembamba, hujifunga zenyewe kwa tao pale upana unapokuwa kama mara tano au sita tu ya ukubwa wa chembe moja. Kila aliyemimina mahindi kwa faneli ameliona. Sanduku letu lina upana wa sentimita 80, vipande ni vya 15. Gawanya: mara tano na ushei. Lilikuwa tayari limo kwenye eneo la hatari kabla ya kitu chochote kuganda. Mhandisi Mjerumani H. A. Janssen alionyesha mwaka 1895, kwa maghala ya nafaka, kwamba ukiendelea kulijaza ghala, uzito unaofika sakafuni huacha kuongezeka, maana kuta zinaubeba kwa msuguano. Vivyo hivyo hapa: ukiongeza barafu juu ukidhani uzito utaisukuma chini, unazipa kuta mzigo mwingine tu.

Sababu ya pili ni ule ubaridi wa ziada tulioufurahia katika hesabu. Joto la kifuniko liliyeyusha tabaka la juu. Maji yalitiririka chini, yakakuta vipande vya nyuzi 8 chini ya sifuri, yakaganda tena. Na hayakuganda popote: maji huvutwa na kukaa kwenye vipenyo vyembamba, pale kipande kinapokigusa kingine. Kilo 200 za barafu ya namna hiyo zinaweza kugandisha upya kilo 10 za maji, asilimia 5 ya lundo. Ni kiasi kidogo kwa macho, lakini ukikigawa kwenye sehemu za mguso tu, ni saruji ya kutosha nyumba.

Hata barafu iliyokwisha fika sifuri haisalimiki kabisa. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza mwaka 1850 kwamba vipande viwili vya barafu iliyolowa vikiguswa hushikana. Maelezo yake yalikuwa kwamba uso wa barafu umevaa utando mwembamba wa umajimaji, na utando huo ukibanwa kati ya barafu na barafu hugeuka barafu. Wakati huohuo mhandisi James Thomson alikuwa ameshaonyesha kwamba mgandamizo hushusha kiwango cha kuyeyuka, na wengi wakaona hilo ndilo jibu la kila kitu. Ila mgandamizo wa anga moja zima unashusha nyuzi 0.0074 tu, na lundo la sentimita 30 la barafu halifiki hata sehemu moja ya hamsini ya anga. Ndani ya sanduku la samaki, mshindi ni Faraday. Utando wake upo kweli, hata chini ya sifuri, na leo ni somo kamili la fizikia ya barafu.

Kisa hikihiki, kwa kipimo cha kilomita

Kuna mahali jambo hili linatokea kwa ukubwa usioaminika. Magharibi mwa Greenland, barafuto (mto wa barafu unaosogea polepole) la Sermeq Kujalleq, linaloitwa pia Jakobshavn Isbræ, linaishia kwenye hori refu la bahari. Mbele ya uso wake hujaa mabonge yaliyomeguka, kuanzia vipande vidogo hadi siwa barafu, yaani milima ya barafu inayoelea, za mamia ya mita. Yakibanana kati ya kuta mbili za hori, lundo hilo linaloelea husukuma uso wa barafuto na kuuzuia kumeguka zaidi. Wakati wa baridi bahari huganda katikati ya mabonge na kuyaunga, umegukaji hupungua. Kiangazi gundi hiyo inalegea, mabonge yanaachiana, na barafuto linaanza tena kuvunjika.

Justin Burton, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha uchambuzi wa lundo hilo mwaka 2018 na kuliita maada ya chembechembe iliyo kubwa kuliko zote duniani. Maabarani waliiga kwa tangi la maji na vipande vya plastiki vinavyoelea. Hoja iliyojitokeza inamhusu nahodha wa Lamu moja kwa moja: nguvu inayobebwa na lundo kama hilo inategemea msuguano wa pembeni, na inakua kwa kasi kadiri lundo linavyokuwa refu kulinganisha na upana wake. Huko Greenland lundo lililobanana linalinda barafuto lisimeguke. Ndani ya sanduku, lundo lililobanana linawalinda samaki wasipoe. Hesabu ni moja, hasara tu imebadilika upande.

Nafasi ya vidole vitatu

Ni kweli hewa ni mpitishaji mbovu wa joto: wati 0.025 kwa mita kwa kila nyuzi, wakati maji ni 0.6 na barafu 2.2. Lakini nafasi ile tupu peke yake haikuwaua samaki wale, na hapa wachambuzi wengi wanarukia hukumu. Hewa huzunguka na kuta hupeana joto kwa mnururisho, bila kugusana, kwa hiyo joto fulani linapita. Kosa jingine ni fungu lenyewe.

Joto husafiri polepole ndani ya nyama ya samaki, na muda unaohitajika unakua kwa mraba wa unene. Ukizidisha unene mara mbili, muda unakuwa mara nne. Samaki waliopangwa safu moja ya sentimita 6, barafu juu na chini, wanatoka nyuzi 28 hadi kama 3 katikati kwa saa mbili. Fungu la sentimita 30, hata likifunikwa kikamilifu pande zote mbili bila nafasi yoyote ya hewa, baada ya saa 30 katikati yake bado ni nyuzi 7 au 8. Weka hewa badala ya barafu, na namba hiyo inapanda hadi 15 na zaidi. Basi fungu lilikuwa kosa la kwanza, na kuba likalizidisha. Ukirekebisha moja na kuacha jingine, utapata samaki wa bei ya kati.

Gharama yake kwa ubora inakadiriwa kwa kanuni rahisi: chukua joto la samaki, lizidishe kwa 0.1, ongeza moja, kisha jibu lizidishe kwa lenyewe. Kwenye sifuri kasi ya kuharibika ni 1. Kwenye nyuzi 10 ni 4. Samaki wa katikati walikaa kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa 30, kasi ya zaidi ya 10. Juu ya nyuzi 15 hivi kanuni hii ni makisio tu, lakini makisio yenyewe yanasema walizeeka kama samaki waliolala kwenye barafu siku 12 au 13. Wenzao wa pembeni, kwa wastani wa nyuzi 8, walizeeka siku nne. Wote wametoka maji yaleyale, usiku uleule.

Kwa jodari kuna hatari nyingine isiyoonekana shavuni. Akikaa katika joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama histamini, kemikali inayoweza kumdhuru mlaji, na histamini ikishajengeka, kupika hakuiondoi. Jodari aingie sandukuni kabla ya changu, daima, na asiwekwe katikati ya fungu.

Upakiaji unaofaa sanduku hilohilo

Barafu ivunjwe hadi ukubwa wa yai, sentimita 3 au 4. Upana wa sanduku unakuwa mara 20 ya kipande au zaidi, na tao la msuguano peke yake haliwezi kusimama. Kazi hii inachosha, na ndiyo sababu haifanyiki. Vijana wawili wenye nyundo za mti na gunia nene wanahitaji muda wa kutosha kabla ya maji kujaa, si dakika za mwisho wakati nahodha ameshatweka tanga.

Ikishavunjwa, itandazwe kivulini juu ya turubai na kugeuzwa kwa chepe mpaka ing'ae kwa unyevu. Barafu kavu yenye ukungu mweupe, ile inayonata kidoleni, bado iko chini ya sifuri na itagandisha maji. Barafu inayong'aa imefika. Utapoteza kilo 6 hivi zikitiririka chini, na wenye mali watanung'unika. Waache wanung'unike, kilo hizo sita zimenunua mmiminiko wa zilizobaki.

Kifuniko kipate foamu ya sentimita 10, kipakwe rangi nyeupe, kiwe na ukingo wa mpira. Joto lake linashuka kutoka wati 86 hadi 10, na kilo zaidi ya 30 za barafu zinaokolewa kwa safari ya saa 40. Hakuna tengenezo lingine sandukuni linalorudisha fedha haraka kama hili, na bado ndilo linaloahirishwa kila msimu. Ukikosa foamu, gunia lililoloweshwa juu ya kifuniko na kivuli cha turubai vinasaidia, ila ni msaada wa maskini.

Sakafuni kiwekwe kichanja cha mbao cha sentimita 5, na tundu la kutolea maji lenye upana wa milimita 25 au zaidi. Watu huliziba tundu wakidhani wanahifadhi baridi. Ukweli ni kwamba maji yanayotiririka kwenye sifuri ndiyo yanayobeba joto la samaki kwenda kwenye barafu, na yanamwosha utelezi na damu njiani. Yakisimama, samaki wa chini wanalala kwenye supu. Tundu lichunguzwe mara kwa mara. Magamba yanaliziba upesi.

Kisha kilo 50 za barafu chini, safu ya samaki mmoja mmoja, kama kilo 36, matumbo yaliyopasuliwa yakielekezwa chini ili maji yatoke. Barafu kilo 20, safu nyingine, hivyo hivyo mpaka safu tano. Kilo 64 zilizobaki ziende ukutani na juu. Samaki wasiguse ukuta, maana joto la nje linapita hapo kwanza. Chewa mnene kuliko safu ajazwe barafu tumboni. Vinginevyo mraba wa unene utamkuta yeye peke yake.

Na kila saa sita, ufito wa mkoko uchomekwe kutoka juu hadi kwenye kichanja, mahali sita au saba. Ukipita kwa mkwaruzo mlaini, lundo liko hai. Ukigonga na kurudi, kuba limeanza, na huo ndio wakati wa kulivunja, likiwa bado na unene wa kiganja.

Njia za mkato

Kuna anayenyunyiza chumvi ili barafu iwe "kali". Inakuwa kali kweli: mchanganyiko wa chumvi na barafu unaweza kushuka hadi nyuzi 21 chini ya sifuri. Lakini baridi hiyo haikuja bure. Barafu imeyeyuka kwa haraka kuinunua, na maji ya chumvi yanatoka kwa tundu yakiwa bado baridi. Samaki anayegusana nayo ngozi yake inaganda huku moyo wa nyama ukiwa bado vuguvugu.

Kuganda huko si jambo dogo. Nyama ya samaki ni utando wa protini ulioshika maji, mithili ya halua. Inapoganda polepole, fuwele huota nje ya chembe hai na kuvuta maji kutoka ndani yake, na zinazidi kunenepa kwa maji ya jirani. Mwanajiolojia Mmarekani Stephen Taber alionyesha miaka ya 1929 na 1930 kwamba udongo unaoganda huinuka kwa sababu hiyohiyo, kwa kuvuta maji kuelekea kwenye barafu. Alipotumia benzini, ambayo husinyaa inapoganda, udongo uliinuka vilevile. Halua ikishanyang'anywa maji hairudi ilivyokuwa. Ndiyo maana samaki aliyeingizwa kwenye friza ya nyumbani akiwa fungu la kilo 30 hutoa maji mengi sufuriani na nyama yake hugeuka uzi.

Maji ya bahari kwenye pipa pamoja na barafu ni njia nzuri, kwa masharti. Yanamzunguka samaki pande zote, hakuna kuba linaloweza kujengwa, na samaki mdogo anapoa haraka kuliko njia nyingine yoyote. Ila bahari ya nyuzi 28 inadai sehemu yake: lita moja inayeyusha takriban theluthi moja ya kilo ya barafu kabla ya samaki kuingia. Lita 60 zinakula kilo 21. Kwa hiyo maji kidogo, yatumike kwa mafungu ya kilo 30, yabadilishwe damu ikizidi. Mchanganyiko huo utakaa kwenye nyuzi 1.4 hivi chini ya sifuri, karibu na pale nyama inapoanza kuganda, kwa hiyo samaki atolewe baada ya saa moja au mbili na kuhamishiwa sandukuni. Akisahauliwa mpaka asubuhi, macho yanaingia ukungu na mnunuzi atamshuku hata kama nyama ni nzima.

Tahadhari moja kwa wanaotumbukiza vipande vizima vya kiwandani katika pipa hilo. Kipande cha barafu kinachoelea wima kwenye maji ya bahari hakitulii iwapo upana wake ni chini ya robo tatu ya kimo chake. Kinapoyeyuka ubavuni kinavuka mpaka huo ghafla na kupinduka, na kilo 25 zikipinduka zinavunja mbavu za samaki au vidole vya mtu. Siwa barafu za Greenland hufuata uwiano huohuo, na zikipinduka dhidi ya barafuto mtikisiko wake husomeka kwenye vipima tetemeko mbali sana. Pipani, laza kipande ubavu.

Safari ya pili, kwa makaratasi

Rudia hesabu na upakiaji mpya: kilo 200 zilizonunuliwa, 6 zimepotea juu ya turubai, na ubaridi wa ziada umetumika hukohuko. Kuta na sakafu 34, kifuniko 4, samaki 54, kufungua na mbao 10. Zinabaki kilo 92.

Safari ya kwanza zilibaki 93. Anayetazama mizani peke yake ataapa kwamba hakuna kilichobadilika, na tajiri atauliza foamu ile ilinunuliwa kwa nini. Mpeni kipimajoto akichomeke kwenye chewa wa safu ya tatu, kisha atie mkono kwenye barafu: utazama mpaka kiwiko.